Alichosikia Mwanahawa

"Yule hasuki nywele, anasuka watu," alisema Mama Saidi, akatua ndoo yake chini ili mikono nayo ipate nafasi ya kuongea. "Mwanamke anaingia pale anacheka, anatoka macho mekundu kama katoka kumenya vitunguu vya harusi. Mshajiuliza kwa nini? Na nywele zinazoanguka anafagia mwenyewe, hamwachii mtu. Anazitia kwenye mfuko mweusi. Huo mfuko unakwenda wapi, Mama Dadi?"

Loyce hakujua mfuko unakwenda wapi. Alikuwa wa nne kwenye foleni ya bomba, Dadi kamlalia mgongoni, shingo ya mtoto ina jasho.

"Labda anazichoma," alisema.

"Ulikuwepo akizichoma?"

"Sikuwepo."

"Basi." Mama Saidi aliwageukia wengine. "Mtu wa Ujiji yule. Siri zako anazo, nywele zako anazo. Umebakiza nini? Kucha? Lisemwalo lipo, jamani."

Wanawake walicheka, na Loyce akacheka nao, maana ukisimama bombani bila kucheka utageuzwa habari wewe mwenyewe. Lakini moyoni hakufurahi. Jumapili Dadi alikuwa abatizwe, na yeye kichwa chake kilikuwa na wiki tatu ndani ya kitambaa. Na siku ile ile ya bombani alikuwa amepanga kwenda kwa Mwanahawa, msusi huyo huyo.

Alikwenda. Hakuwa na ujasiri wa kumpinga Mama Saidi, ila hakuwa pia na msusi mwingine ambaye mkono wake haumuumizi.

Saluni ya Mwanahawa ni chumba kimoja nyuma ya soko la Kasulu, kinatazamana na mashine ya kusaga. Ndani mna benchi, kioo chenye ufa pembeni, picha za mitindo zilizopauka mpaka wanawake wote wamekuwa na rangi moja, na kigoda kifupi anapokaa anayesukwa. Mwanahawa mwenyewe hukaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki, magoti yamemkumbatia mteja mabegani. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene kidogo, ushungi wake hauondoki kichwani hata jua liwe kali namna gani. Alizaliwa Ujiji, akafundishwa kusuka na shangazi yake, akaja Kasulu akimfuata mumewe Mansuri, muuza vitenge. Miaka kumi na minne sasa. Kiha chake kiliishia kwenye salamu na bei ya maharage. Ukimtania juu ya hilo hujibu, "Vidole vyangu vinajua Kiha, ulimi ndio bado."

Mambo yake hakuyaficha. Mtu akikaa kwenye benchi lile siku tatu ameyasikia yote. Kwamba alizaa watoto watatu na wa katikati, msichana, akafa kwa homa akiwa na miaka sita. Kwamba baada ya hapo alikaa miezi minne hasemi. Watu walisema ana jini. Akanyweshwa kombe, akafukizwa, akapelekwa hadi Buhigwe kwa mtu aliyesifiwa. Kilichomtoa, mwenyewe anasema, ni bibi mmoja Muha, muuza tangawizi, ambaye hata jina lake hakulijua vizuri. Bibi yule alikuwa anakuja kila alasiri, anakaa kwenye kizingiti na ungo wake, anachambua maharage. Haulizi kitu. Akimaliza anaaga, anaondoka. Siku ya ishirini na kitu Mwanahawa akanyoosha mkono kwenye ungo, akatoa jiwe. Kesho yake akatoa mawili. Keshokutwa akasema neno.

Halafu, miaka mitatu iliyopita, walikuja watu wa mradi pamoja na ofisa ustawi wa jamii, wakitafuta wasusi, vinyozi na mafundi cherehani. Walisema watu hawaendi hospitali kueleza kwamba moyo umewachoka, ila humweleza aliyewashika kichwa au anayewapima kiuno. Wakawafundisha siku tano. Namna ya kusikiliza bila kukatiza, namna ya kuuliza jambo zito bila kulizungusha, na kwamba mtu akisema anataka kufa asiachwe peke yake hata aende chooni, afikishwe kwa muuguzi. Mwanahawa alirudi na cheti, akakitundika nyuma ya mlango. Cheti ukikiweka mbele, alisema, watu wanaanza kukuchagulia maneno.

Ndiyo maana wengine walitoka pale macho mekundu. Loyce alilijua hilo, na bado maneno ya Mama Saidi yalikuwa yanamtembea shingoni kama chawa.

Siku hiyo alimkuta Valeria kwenye kigoda.

Valeria alikuwa jirani yao, amepanga chumba ukuta mmoja na Mama Saidi. Msichana wa miaka kumi na tisa, kwao Kibondo, upande wa Mabamba, kaolewa Kasulu mwaka jana. Mumewe, Makarius, alikuwa amekwenda vibarua vya tumbaku Kaliua kabla hata mtoto hajazaliwa. Mtoto mwenyewe, wa kike, miezi mitatu, alikuwa amelazwa kwenye benchi juu ya kanga, msafi kuliko watoto wote wa mtaa ule. Alipoanza kulia Valeria hakugeuka. Loyce akambeba, akamtikisa pamoja na Dadi, mmoja mbele mmoja nyuma.

"Tukusuke nini leo, mke wa Makarius?" aliuliza Mwanahawa, huku anachana.

"Twende kilioni."

Ni ile mistari ya haraka inayorudi nyuma, inayosukwa mtu akipata taarifa ya msiba na basi linaondoka. Hakuna anayekuja nayo kwa kujipamba.

"Ehe, kilio cha nani tena?"

"Kitapatikana tu, dada."

Mwanahawa alicheka. Loyce naye alicheka, na mtoto mikononi mwake akanyamaza kusikiliza kicheko. Valeria hakucheka, alitabasamu kidogo kama mtu aliyepewa chenji sahihi.

Kisha mashine ya kusaga ikawashwa ng'ambo, na chumba kizima kikajaa mngurumo. Tangu hapo Loyce hakusikia waliyosemezana, aliona midomo tu. Aliona Mwanahawa anainama mpaka sikioni, anauliza, kama alivyozoea. Aliona Valeria anajibu, taratibu, anatazama mikono yake mwenyewe. Mwanahawa akauliza tena. Valeria akatikisa kichwa kukataa, akasema maneno kadhaa, na mara hii hata uso ulimkunjuka. Mwanahawa akampiga bega kirafiki. Mistari minane, ikaisha.

Mlangoni Valeria alisimama. "Asante kwa kunishikia mtoto," alimwambia Loyce sikioni, akampokea mtoto. Akapiga hatua, akarudi. "Asante, Mama Dadi." Halafu akawatazama wote wawili, na kigoda, na kioo. "Mkae vizuri."

Zamu ya Loyce ikafika. Alimlaza Dadi kwenye benchi, akakaa kwenye kigoda, akasikia magoti ya Mwanahawa yanamshika mabega, na kwa muda akawa anasubiri aulizwe jambo ili aone kama ni kweli siri zinavutwa. Hakuulizwa. Mwanahawa alikuwa kimya kuliko kawaida. Alisuka nusu ya kichwa bila neno, mpaka mashine ikazimwa na masikio yakabaki yanavuma.

"Loyce."

"Bee, dada."

"Kwa Kiha, mke akipewa ruhusa na mumewe aende kwao, mnasemaje?"

"Inategemea. Tunasema tu amemwambia aende."

"Hamsemi kuruhuka?"

"Hapana. Kuruhuka ni kupumzika."

Vidole vilisimama. Loyce alivihisi vimesimama ndani ya nywele zake, kumi vyote, kama ndege waliosikia jiwe.

"Kupumzika," alisema Mwanahawa.

"Ndiyo. Mtu akichoka anaruhuka. Na aliyekufa tunasema karuhuka, hasa kama aliteseka."

Loyce alitaka kugeuka amwone uso, lakini nywele zilikuwa zimeshikwa.

"Mimi nina sheria yangu," Mwanahawa alisema, sauti imekuwa ndogo. "Linalosemwa kwenye kigoda hicho halitoki. Sijawahi kulitoa. Hata Mansuri hajui." Ng'ambo mtu alikuwa anagonga debe la unga. "Kaniambia ameomba kuruhuka. Nikajua Makarius kamruhusu aende Kibondo kwa mama yake. Nikamwambia vizuri, utapata nafuu ukiwa na mama."

"Akasema nini?"

"Akasema na mtoto naye ataruhuka."

Loyce alisimama. Kigoda kilianguka.

"Lakini nilimuuliza," alisema Mwanahawa, naye amesimama, kitana bado mkononi. "Nilimuuliza kama tulivyofundishwa, bila kuzunguka. Nikamwambia, Valeria, unafikiria kujiumiza? Akasema hapana dada, siku hizi sijiumizi, nimekwisha kuacha. Nimekwisha kuacha, Loyce. Nikamshukuru Mungu."

"Kujiumiza kwetu ni kufanya kazi kupita nguvu," alisema Loyce. "Kulima mpaka mgongo ukatike. Kubeba mzigo si wako. Amekwambia ameacha kujisumbua."

Mwanahawa hakufunga hata mlango. Loyce alimfunga Dadi mgongoni, kanga ikaze, na wote wawili wakatoka mbio kupita nyuma ya soko, kwenye mafungu ya dagaa na migebuka, kwenye vibanda vya viatu. Watu waliwatazama. Mwanamke mmoja na ushungi unapepea na kitana mkononi, mwingine nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama kitunguu kilichoota. Kijana wa bodaboda akapaza sauti, "Mama, amekukata sikio?" na wenzake wakapasuka kucheka. Loyce hakuwa na pumzi ya kujibu. Alikuwa anahesabu. Tangu Valeria aondoke mashine ilikuwa imesaga, imezimwa. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa. Saa nzima kama si zaidi.

Chumba cha Valeria kilikuwa wazi. Hilo lenyewe lilimkata Loyce maini. Ndani palikuwa pamefagiliwa, godoro limekunjwa, sufuria zimepangwa zimeinamishwa, na juu ya sufuria ya mwisho kitambulisho chake na kadi ya kliniki ya mtoto, kimoja juu ya kingine.

Mama Saidi alikuwa uani kwake, anapepeta maharage kwenye ungo. Alipowaona pamoja, mkono ulibaki hewani.

"Mama Dadi. Kichwa nusu? Kakufukuza, au wewe ndiye umemkimbia?"

"Valeria yuko wapi?"

"Mnamtakia nini?" Macho yake yalikuwa kwa Mwanahawa.

"Mama Saidi, nakuomba. Yuko wapi?"

"Katoka. Katoka kitambo. Kanipa haya maharage, nusu debe, yote aliyoletewa na mama yake. Nikamwambia Mungu akuzidishie. Kasema anakwenda bondeni kufua."

"Alibeba nguo?" aliuliza Mwanahawa.

Mama Saidi aligeuka. Alitazama ungo, akatazama kamba ya nguo ya Valeria, ambapo nepi zote zilikuwa zimeanikwa, zimekauka, hazijaguswa.

"Alimbeba mtoto," alisema.

Ungo ulimtoka mikononi. Maharage yalitapakaa ua mzima na hakuna aliyeyatazama.

Njia ya bondeni inashuka kwenye migomba ya watu, kisha inapita chini ya mikaratusi ambapo ardhi inateleza kwa majani. Loyce alitangulia. Alikuwa anasikia nyuma yake pumzi ya Mwanahawa, nzito, inayokatika, na nyuma zaidi kandambili za Mama Saidi. Hakuna aliyeita jina. Loyce mwenyewe hakujua kwa nini hawaiti. Aliogopa kuita kisha asijibiwe. Dadi aliamka, akaanza kucheka kwa kurushwarushwa mgongoni, na kicheko kile chini ya miti ile kilimtisha kuliko kimya.

Walimwona kutoka juu. Alikuwa amekaa kwenye jiwe la kufulia, miguu ndani ya maji, mgongo kwao. Mistari minane kichwani, mipya, inang'aa kwa mafuta. Mtoto alikuwa pajani. Kutoka pale juu hawakuona kama anapumua.

Mwanahawa alitaka kukimbia. Loyce alimshika mkono. Hakujua amepata wapi mamlaka ya kumshika mtu mzima hivyo, lakini alishika, kwa sababu jiwe lile linateleza na maji mbele yake ni ya kina, na mtu akishtuliwa hujirusha hata kama hajaamua. Walishuka polepole. Walipofika hatua kumi, mtoto alirusha mguu. Mguu mdogo, mwekundu unyayoni. Nyuma yao Mama Saidi alitoa sauti ya mtu aliyemeza moto.

"Valeria, mdogo wangu," alianza Mwanahawa. "Ni mimi. Tumekuja tukae nawe tu."

Valeria hakugeuka. Maneno yalimpita kama yanavyopita matangazo ya gari la sinema.

Loyce alichuchumaa pale alipokuwa, akapiga makofi. Yale ya taratibu, ya kiganja kilichokunjwa, ambayo wanawake wa Kiha husalimiana nayo. Akamsalimia kwa Kiha, akamuuliza habari za nyumbani, za mtoto, za mama yake Mabamba, makofi yanakwenda pamoja na maneno. Salamu hiyo haiachwi bila kuitikiwa. Hata wanaogombana huiitikia kwanza, halafu ndipo wanagombana. Loyce hakuwahi kuona mtu akikaa nayo bila kuinua mikono.

Valeria alikaa nayo.

Loyce akaanza upya, tangu mwanzo. Mara ya tatu mikono ya Valeria iliondoka juu ya mtoto, ikakutana, ikapiga kofi moja lisilo na sauti. Bila kugeuka, akaitikia.

"Muulize," alisema Mwanahawa kwa kunong'ona. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya Loyce, kanga imelowa matope. "Mimi maneno yangu hayamfikii. Muulize wewe, kwa lugha yenu. Muulize kama anataka kufa."

Loyce alitikisa kichwa. Kwao mtu hamtamkii mwenzake kifo chake. Ni kama kukiita kwa jina, kije. Mama yake angemchapa mdomo kwa neno kama hilo.

"Siwezi, dada. Nikilisema nitakuwa nimemwonyesha njia."

"Njia anaijua. Sisi ndio tumefika kwa kuchelewa." Mkono wa Mwanahawa ulikuwa mgongoni kwake, chini ya miguu ya Dadi. "Tulifundishwa hilo, na hilo nililisikia vizuri. Kuuliza hakupandi kitu. Kama halipo atashangaa tu. Kama lipo, atakuwa hayuko nalo peke yake."

Loyce aliuliza. Aliliuliza kwa Kiha, kwa neno lile lenyewe, neno la kufa kwa watu, si la kupumzika wala la kwenda. Unataka kufa, wewe na mtoto?

Maji yalipita. Valeria aliinamisha kichwa mpaka mistari yote minane ikaonekana mpaka mwisho wake.

"Ndiyo," alisema kwa Kiha. Halafu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewesha watu, "Nilikuwa nasubiri alale."

Akaanza kusema. Alisema bila kugeuka, na Loyce alisogea kidogo kidogo huku anamsikiliza, akimtafsiria Mwanahawa kwa minong'ono yale aliyoweza. Kwamba tangu ajifungue halali, hata mtoto akilala yeye halali. Kwamba akimtazama mtoto haoni mwanawe, anaona mtu ambaye yeye amemkosea. Kwamba maziwa yanakauka na mtoto anamlilia usiku kucha na majirani wanagonga ukuta. Hapo Mama Saidi, aliyekuwa anagonga ukuta, alikaa chini kwenye majani. Kwamba alifikiri wakiondoka wote wawili Makarius ataoa mtu mzima kichwani, na hakuna atakayesumbuka.

Alipofika hapo Loyce alikuwa ameshafika jiwe. Aliweka mkono mmoja kwenye kanga ya Valeria, kiunoni, akaushika kitambaa kwa ngumi nzima. Wa pili akautia chini ya mtoto.

"Nipe nikusaidie," alisema. "Sikunyang'anyi. Nakusaidia tu kubeba."

Valeria alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu, yamechoka sana. Akaachia.

Walipanda mlima wanne. Mwanahawa alimfunga mtoto mgongoni kwake. Loyce alimshika Valeria mkono wa kulia, Mama Saidi akamshika wa kushoto, na kwa mwendo wote kutoka bondeni mpaka barabarani Mama Saidi hakusema neno hata moja, jambo ambalo mtaa ule haujapata kuliona. Walipofika kwenye lami Valeria alisimama, akasema anataka kurudi kulala nyumbani, amechoka, atakwenda hospitali kesho.

"Kesho tutakwenda tena," alisema Mwanahawa. "Leo tunakwenda leo." Alikuwa na simu sikioni, anaongea na muuguzi aliyemjua tangu mafunzo, na hakupunguza mwendo.

Pale hospitali muuguzi alikuwa anawasubiri mlangoni. Dada mrefu, mgeni wa mkoa, Kiswahili chake cha kusini. Hakushangaa, hakufoka, hakumuuliza Valeria kama haoni aibu. Alimwambia kwamba huo ni ugonjwa, unawapata wazazi wengi baada ya kujifungua, una dawa na una watu wa kuutibu, na kwamba leo hatalala peke yake. Loyce alitafsiri kila sentensi kwa Kiha, hata zile ambazo Valeria alizielewa. Waliandikisha kitanda. Mama Saidi alisema yeye ndiye atakayebaki naye usiku, akalisema kwa ukali kama mtu anayegombea shamba, na hakuna aliyempinga. Makarius alipigiwa simu. Alisikika analia, kisha anauliza basi la kutoka Kaliua linaondoka saa ngapi, na hakuna aliyejua.

Jua lilikuwa bado juu. Loyce alitoka nje kumnyonyesha Dadi, akamkuta Mwanahawa kwenye benchi la nje ya wodi. Kitana kilikuwa bado mkononi mwake. Alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye meno ya kitana, mbele na nyuma.

"Nilicheka," alisema.

"Tulicheka wote, dada."

"Wewe ulikuwa mteja. Mimi ndiye niliyekuwa kazini."

Loyce akakaa karibu naye. Dadi alivuta titi, akasinzia, akavuta tena. Kutoka dirishani walisikia muuguzi anamuuliza Valeria jambo, na Mama Saidi anajibu yeye, na muuguzi anamwambia Mama Saidi anyamaze.

"Miaka kumi na minne," alisema Mwanahawa. "Wangapi wamekaa kwenye kigoda kile wakaniambia mambo, nami nikasikia yangu? Nikawapiga bega, nikawaambia vizuri." Alikitia kitana kifuani. "Neno sikulijua, sawa. Lakini moyo ulinigota tangu aliposimama mlangoni. Niliusikia. Nikasuka nusu ya kichwa chako najiambia si kitu, kwa sababu nilitaka iwe si kitu."

"Lakini uliniuliza."

"Nilichelewa kukuuliza." Aligeuka, akamtazama Loyce usoni, yeye ambaye kwa kawaida huwatazama watu visogo. "Nina ombi, mdogo wangu. Ujue kabla hujajibu kwamba watakusema. Mumeo ataletewa maneno. Bombani utakuwa wewe ndiye unayebeba mfuko."

"Sema, dada."

"Kuanzia Jumatatu, ukae nami saluni. Wakija watu wa kwenu, wasichana hawa wa vijijini, nitawauliza kwanza kama wanakukubali. Asiyekutaka utatoka nje. Anayekutaka, umsalimie wewe kabla yangu, kwa makofi hayo, uone mikono yake. Nami nitauliza, na wewe utauliza." Akausogeza mguu wake mpaka ukagusa wa Loyce. "Na siku utakayoniona nachekea kitu kisichochekwa, au nampiga mtu bega haraka haraka ili amalize, unikanyage. Mbele ya yeyote. Usinionee haya kwa sababu mimi mkubwa. Unikanyage kwa nguvu, maana mguu huu una sugu."